Hela ya wanafunzi anaigawa nani na kwa kigezo gani: kesi ya Southworth pale Madison

Kwenye kamati ya fedha ya serikali ya wanafunzi chuoni kwetu (chuo chenyewe sikitaji) tulikuwa na karatasi moja ya bajeti yenye safu nne: jina la kikundi, wameomba kiasi gani, mwaka jana walipata kiasi gani, mwaka huu tuwape kiasi gani. Tunakaa saa mbili usiku baada ya vipindi, watu saba kwenye chumba kina feni mbovu, na kila kikundi kikitajwa mwenyekiti anauliza swali lilelile, "hawa mwaka jana tuliwapa ngapi?" Jibu likitoka tunaongeza kidogo au tunapunguza kidogo, tunahamia kwa anayefuata. Usiku mmoja ikafika zamu ya wanafunzi wasioona, wako wanne tu chuo kizima, wameomba 180,000 ya karatasi za nukta nundu na matengenezo ya mashine yao ya Perkins ya kupigia maandishi hayo. Mwaka jana walipata ngapi? Sifuri, maana mwaka jana hicho kikundi hakikuwepo. Basi na mwaka huu tukaandika sifuri. Haikufika hata dakika mbili, na mkono wangu ulikuwa juu pamoja na wa wenzangu.

Hilo jambo halijanitoka mpaka leo. Ndio maana nilipokuja kuisoma kesi ya Southworth, mwanafunzi aliyekishtaki chuo chake kwa ada inayogawiwa vikundi, miaka ya baadaye niliisoma usiku kucha, maana watu wengi wanaisimulia kama ugomvi wa mrengo wa kulia na wa kushoto huko Marekani, mimi naiona ni kesi ya ile safu ya tatu kwenye karatasi yetu. Ngoja niieleze yote kuanzia mwanzo.

Kisa kiko Chuo Kikuu cha Wisconsin, kampasi ya Madison, chuo cha umma, ambacho Waswahili kadhaa wanakijua kwa sababu Kiswahili kinafundishwa pale miaka mingi. Wakati huo kilikuwa na wanafunzi kama 30,000 wa shahada ya kwanza na wengine kama 10,000 wa shahada za juu na za kitaaluma. Mbali na ada ya masomo kila mwanafunzi analipa ada ya shughuli za wanafunzi, ambayo mwaka wa masomo 1995/96 ilikuwa dola 331.50, na ni lazima, hakuna cha kusema mimi sishiriki klabu yoyote nisamehewe.

Hiyo hela inagawanyika mafungu mawili na hapa ndipo watu wanachanganya. Fungu la kwanza ni kama asilimia 80, hilo halipiti kwenye meza ya kugawa vikundi, linaenda kwenye kituo cha afya cha wanafunzi, michezo ya ndani ya chuo, kulipa madeni, kutunza jengo la umoja wa wanafunzi. Halina kelele. Mwanafunzi akiumwa anatibiwa, hakuna anayeuliza daktari ana msimamo gani wa siasa. Fungu la pili ndilo asilimia 20 iliyobaki, ukipiga hesabu ni kama dola 66 kwa kichwa kwa mwaka, na hili ndilo linagawiwa vikundi vya wanafunzi vilivyosajiliwa. Mwaka ule vilikuwa 623. Yani vikundi mia sita na zaidi vinaangalia sufuria moja.

Na anayeshika mwiko ni mwanafunzi mwenyewe. Sheria ya jimbo la Wisconsin inawapa wanafunzi wajibu wa kupanga matumizi ya hizo ada wakishauriana na chansela, halafu bodi inayosimamia mfumo mzima wa vyuo vya jimbo ndiyo inathibitisha mwisho. Serikali yao inaitwa Associated Students of Madison, wenyewe wanafupisha ASM. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini anakaa kwenye kamati anapitisha hela ambazo jumla yake wengi wetu hatujawahi kuziona kwenye karatasi, achilia mbali mkononi, na uamuzi wake una nguvu ya serikali ya jimbo nyuma yake. Hii ni heshima kubwa na ni hatari kubwa vilevile. Ukishaelewa kwamba huyo kijana anatumia mamlaka ya dola ndio utaelewa kwa nini katiba ya nchi iliingia kwenye ugomvi wa klabu.

Hela zilikuwa zinatoka kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni mfuko wa shughuli, huu ni wa vikundi vya kawaida, gharama za uendeshaji, tukio fulani, nauli ya safari. Wa pili ni mfuko wa huduma, huu unabeba vikundi vinavyotoa huduma mwaka mzima, na mwaka 1995/96 vilipata 15, humo kuna kituo cha kusaidia wapangaji, kikundi cha mazingira, kituo cha wanawake, ofisi ya msaada wa sheria, mtandao wa kusaidia walioathirika na UKIMWI, kituo cha wanafunzi mashoga. Chuo chenyewe kilikiri kwamba hivi vikundi pamoja na kutoa huduma kama kufundishana na ushauri nasaha vinasema pia mambo ya siasa na itikadi. Mlango wa tatu ni kura ya wanafunzi wote, wengi wakisema kikundi fulani kipewe au kinyimwe basi imekwisha. Kikundi kimoja cha utetezi wa maslahi ya umma, WISPIRG, kilipata makumi ya maelfu ya dola kwa mlango huo.

Kitu kimoja hapo nataka nikikalie kidogo maana kwa mtu aliyewahi kuwa kwenye kamati ni kitamu. Kwa kawaida kikundi hakipewi fedha taslimu. Unafanya shughuli, unaleta risiti au ankara, chuo kinalipa. Karatasi, posta, uchapishaji, ukumbi. Na ukichapisha kitu kwa hela hiyo lazima uandike hapohapo kwamba maoni haya si ya ASM. Kulikuwa na vitu havilipwi kabisa: zawadi na michango, gharama za mawakili, shughuli za kichama au za kidini. Sisi kwetu tulikuwa tunatoa masurufu kwanza halafu kurejesha ni mbinde, mtu anakuletea risiti ya soda kreti nne iliyoandikwa na mkono uleule uliosaini fomu ya maombi, tena tarehe ni ya Jumapili duka limefungwa. Mfumo wa risiti kwanza unawabana vikundi maskini ambao hawana hela ya kutanguliza, hilo ni kweli na ni tatizo la kutafutiwa dawa, lakini ungetuokoa na mengi.

Sasa mwaka 1996 akaja Scott Southworth, mwanafunzi wa sheria pale pale, na wenzake, wakafungua kesi. Ni Mkristo mhafidhina. Hoja yake ukiivua maneno ya kisheria ni hii: mnanilazimisha nilipe, halafu hela yangu inaenda kwa vikundi vinavyosema mambo ambayo dhamiri yangu inayakataa, kina UW Greens, International Socialist Organization, Amnesty International, kituo cha mashoga na wengine, jumla vikundi 18. Akasema hiyo inavunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, kwa sababu uhuru wa kusema una ndani yake uhuru wa kutolazimishwa kuchangia maneno ya mtu mwingine.

Mimi siungani naye kuhusu vikundi alivyovilalamikia. Lakini swali lake ni la haki kabisa na ningependa wanafunzi wetu wawe wanaliuliza. Unalipa ada ya umoja wa wanafunzi kila mwaka iko kwenye fomu ya kujiunga, mstari mdogo katikati ya ada ya kitambulisho na hela ya tahadhari, umewahi kuuliza inaenda wapi? Yeye aliuliza mpaka mahakama ya juu kabisa.

Na hakuwa anabahatisha. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 1977 kwenye kesi ya walimu wa Detroit kwamba mwalimu anaweza kulazimishwa kulipia kazi ya chama ya kujadiliana mishahara, lakini hawezi kulazimishwa kulipia siasa za chama. Mwaka 1990 wakasema vilevile kwa mawakili wa California na chama chao. Kwa hiyo kipimo kilikuwepo: je, matumizi haya yanahusiana na kazi ya msingi ya chombo? Mahakama ya wilaya chini ya jaji John Shabaz ikampa Southworth ushindi, na mahakama ya rufaa mwaka 1998 nayo ikasimama upande wake.

Kesi ikapanda juu, ikasikilizwa Novemba 1999, hukumu ikatoka tarehe 22 Machi 2000. Majaji wote tisa wakaamua chuo kinaweza kutoza hiyo ada. Aliyeandika ni jaji Anthony Kennedy, na hoja yake kuhusu kile kipimo cha zamani inaeleweka hata kwa asiye mwanasheria: kwenye chama cha wafanyakazi unaweza kusema kazi ya msingi ni mishahara, lakini chuo kikuu kazi yake ya msingi ni ipi? Falsafa, dini, sayansi, siasa, vyote viko ndani, mahakama ikianza kuchambua kipi kinahusiana na elimu na kipi hakihusiani itakuwa inafanya kazi isiyo yake. Chuo kinaweza kuona kwamba wanafunzi kubishana nje ya darasa ni sehemu ya elimu, na kinaweza kutoza ada kulipia ubishi huo.

Ila kuna sharti. Hela igawiwe bila kuangalia kikundi kina mtazamo gani. Hiyo ndiyo kinga ya yule asiyekubaliana na wengine, kwamba nikilipia cha kwako na wewe unalipia cha kwangu, na anayegawa hana ruhusa ya kuchagua anachokipenda. Chuo kikitaka kumwambia mwanafunzi ukiona hutaki chukua hela yako, kinaruhusiwa, ila katiba haikilazimishi. Majaji watatu, Souter akiwa na Stevens na Breyer, walikubali matokeo lakini hawakuona haja ya kuligeuza hilo sharti kuwa kanuni ya katiba, ndio maana watu wakisema hukumu ya tisa kwa sifuri inabidi uongeze kwamba kwenye sababu walikuwa sita na watatu.

Hilo sharti halikutoka hewani. Miaka mitano nyuma, 1995, Kennedy huyohuyo aliandika hukumu ya Chuo Kikuu cha Virginia, ambako kila mwanafunzi alikuwa analipa dola 14 kwa muhula na kikundi cha gazeti la Kikristo liitwalo Wide Awake kiliomba chuo kimlipe mchapishaji dola 5,862, kikanyimwa kwa sababu ni la dini. Mahakama kwa kura tano kwa nne ikasema umeshalipia magazeti mengine ya wanafunzi, huwezi kulinyima hili kwa sababu ya anachoamini mwandishi. Ukiziweka hizi kesi mbili pamoja unaona ni mlango mmoja unaosukumwa pande mbili, wa Virginia anasema nipe na mimi, wa Madison anasema usichukue changu umpe yule, na jibu kwa wote ni moja, muulizeni anayegawa anatumia kigezo gani.

Halafu ikaja ile kura ya wanafunzi wote, na hapa ndipo niliposimama nikarudia kusoma. Sisi tulilelewa kwamba kura ndiyo haki yenyewe, wengi wape. Mahakama ikasema hapana, siyo kwenye hili. Ikiwa kura ya wengi ndiyo inaamua kikundi gani kipate basi kinga yote imeondoka, kwa sababu mtazamo wa wachache unatakiwa kuheshimiwa sawa na wa wengi na haki ya kusikika haitegemei wengi wamependa. Sehemu hiyo wakairudisha chini ikachunguzwe zaidi.

Fikiria chuo chako. Fikiria jumuiya ya dini yenye watu elfu mbili na klabu ya wanafalsafa yenye watu tisa. Piga kura mwaka mzima, wale tisa watapata hata wino?

Wengi wanaosimulia kesi hii wanaishia hapo, mwaka 2000, wanasema chuo kilishinda. Utamu na uchungu viko kwenye kilichofuata. Ushindi wa chuo ulisimama juu ya kitu kimoja: pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kwa maandishi kwamba ugawaji wa ile mifuko miwili unafanyika bila upendeleo wa mtazamo. Mahakama haikuchunguza, ilichukua makubaliano kama yalivyo. Kesi iliporudi wilayani kina Southworth wakayaondoa yale makubaliano. Wakasema sawa, basi tuangalie hiyo kamati inagawaje. Na Shabaz alipoangalia, Desemba 2000, akaona wanakamati hawana kitu kinachowafunga. Hakuna vigezo vilivyoandikwa vya maana, mtu anaweza kunyima au kutoa kwa jinsi alivyojisikia siku hiyo na hakuna atakayejua. Huhitaji kuthibitisha kwamba alibagua, inatosha kwamba akitaka kubagua hakuna kinachomzuia.

Hii sentensi ya mwisho iliniuma. Kwenye kamati yetu hatukuwa wabaya. Hakuna aliyewachukia wale wanne, wawili walikuwa wanakaa bweni moja na mwenyekiti wetu. Tulikuwa watu wazuri tusio na kigezo, kwa hiyo tukatumia kilichokuwa karibu, yani mazoea.

Chuo na ASM wakakaa chini wakatengeneza kanuni mpya. Wanakamati wanakula kiapo kwamba hawataangalia mtazamo, anayevunja anaweza kuondolewa, vikao viko wazi na vinarekodiwa, kikundi kikinyimwa kinapewa sababu kwa maandishi na kina njia ya rufaa mpaka kwa chansela na bodi. Kesi ikapanda tena mahakama ya rufaa, na mwaka 2002 majaji wakasema kwa sehemu kubwa kanuni hizi zinafaa, zinambana mgawaji vya kutosha. Ila vigezo viwili wakavikataa. Kimoja ni kikundi kimekuwepo muda gani. Cha pili ni kikundi kilipata hela kiasi gani miaka iliyopita.

Safu ya tatu.

Sababu yao ni rahisi na ukishaisikia huwezi kuisahau. Miaka ya nyuma hela ziligawiwa bila kanuni ya kuzuia upendeleo. Ukitumia mgawo wa zamani kuamua wa leo unaubeba upendeleo wa zamani unauingiza ndani ya leo, hata kama wewe wa leo una moyo safi kabisa. Kikundi cha zamani kinapata kwa sababu kilipata, kipya kinakosa kwa sababu kilikosa, na kwa kuwa mawazo yasiyopendwa mara nyingi ndiyo yanaanzisha vikundi vipya, basi wewe unayeuliza "mwaka jana walipata ngapi" bila kujua umeshauliza "mwaka jana walipendwa kiasi gani".

Kuna mtu atasema lakini historia inasaidia kujua nani anakula hela na nani anafanya kazi. Nakubali nusu. Kama mwaka jana kikundi hakikurejesha risiti, hiyo ni tabia yao na naona una haki ya kuiangalia, ni kipimo ambacho kikundi chochote chenye mtazamo wowote kinaweza kukifaulu au kukifeli. Kiasi walichopewa ni uamuzi wa watu wengine juu yao. Vitu viwili tofauti na sisi tulikuwa tunavichanganya kwenye safu moja. Na wala sharti hili halisemi kila kikundi kipate sawa, gharama za kituo kinachofungua mlango kila siku hazifanani na za klabu inayokutana mara mbili kwa muhula.

Madison wenyewe hawakumaliza. Mwaka 2010 walifikishwa tena mahakama ya rufaa, safari hii na wanafunzi Wakatoliki, Badger Catholic, ambao chuo kilikataa kulipia baadhi ya programu zao kwa sababu zina sala ndani yake. Mahakama ikasema kama unalipia ushauri nasaha na mijadala ya vikundi vingine huwezi kukataa hii kwa sababu tu watu wanaomba Mungu. Yani ile kanuni yao ya zamani ya kutolipa shughuli za kidini, iliyoonekana ya busara mwaka 1996, nayo ikapigwa. Ukiangalia toka mwanzo mpaka mwisho utaona Mkristo mhafidhina ndiye aliyeanza kwa kutaka asichangie, na kanuni aliyoiacha nyuma ndiyo iliyowapa Wakatoliki hela yao, na kituo cha mashoga alichokilalamikia kinga ileile ilikilinda dhidi ya kura ya wengi.

Huku kwetu sitegemei mahakama iingie kwenye bajeti ya serikali ya wanafunzi hivi karibuni, na sheria zetu si zile. Lakini hakuna sheria inayoikataza kamati yoyote kuandika vigezo kabla ya kufungua maombi, kuvibandika ubaoni pale kantini, kumpa kila aliyenyimwa karatasi yenye sababu na sahihi. Ni kazi ya wiki moja. Sisi tulikuwa na muda huo na hatukuutumia.

Wale wanne waliishia kuchangiwa na wanadarasa wenzao, mia tano tano, kofia ikizunguka. Mashine ikatengenezwa mwezi wa tano, mitihani ya muhula ishaanza, na mmoja wao karatasi mbili za kwanza alizifanya kwa kumtamkia mwandishi majibu.